Diski Inafunguka, Maktaba Tupu: Ruhusa za Jellyfin kwenye Raspberry Pi

Walimu kadhaa hapa Arua, Uganda, wamenieleza tatizo moja kwa maneno yanayokaribiana: wameweka Jellyfin, programu ya kupanga video na kuzirusha kwenye vifaa vingine, kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo ya bei nafuu, wamechomeka diski ya nje yenye masomo ya video, na wao wenyewe wanazifungua faili hizo bila shida wakiwa mbele ya mashine, lakini maktaba ya Jellyfin inabaki tupu. Wengi huifuta programu na kuiweka upya, na hali haibadiliki. Karibu kila mara nilipoitwa kutazama mashine ya namna hii, programu ilikuwa nzima kabisa. Kilichokosekana ni ruhusa ya kusoma.

Jellyfin haifanyi kazi kwa jina lako. Ukiisakinisha kutoka kwenye vifurushi vyake katika Raspberry Pi OS, mfumo wa Linux ambao msingi wake ni Debian, huundiwa mtumiaji wake aitwaye jellyfin, na kila faili huisoma kwa jina hilo. Ndiyo maana kuifungua video kwa jina lako hakuthibitishi lolote. Jaribio lenye maana ni kutazama diski kwa jina la programu yenyewe:

sudo -u jellyfin ls /media/mwalimu/MASOMO

Ukipata orodha ya faili, ruhusa ya kuifikia folda ipo, na inafaa uhakikishe kwamba njia (anwani ya folda) uliyoiandika ndani ya Jellyfin ndiyo hiyo hiyo. Ukijibiwa "Permission denied", endelea kwa amri ya namei, yaani namei -l ikifuatwa na njia ile ile, iendeshwe kwa sudo (kwa mamlaka ya msimamizi). Amri hii naithamini kuliko nyingine zote katika kazi hii, kwa sababu inaonyesha mmiliki, kikundi na ruhusa za kila folda kuanzia mwanzo wa njia hadi mwisho, na mara nyingi kizuizi hakiko kwenye folda ya video bali juu yake. Mwenye ufunguo wa chumba lakini hana wa geti atalala nje. Diski inapofunguka yenyewe kwenye eneo-kazi, mfumo huiweka chini ya /media na jina la mtumiaji aliyeingia, na folda hiyo ya jina humruhusu mtumiaji huyo peke yake kupita. Diski yenyewe inaweza kuwa wazi kwa wote, na bado jellyfin asiifikie.

Hapo ndipo watu hukimbilia chmod -R 777, amri ya kubadili ruhusa za faili. Nawasihi wasifanye hivyo, hasa shuleni, kwa sababu amri hiyo inampa kila mtumiaji wa mashine uwezo wa kubadili na kufuta kazi za walimu, ilhali Jellyfin inahitaji kusoma tu. Tena, kwa diski nyingi za hapa kwetu amri hiyo haisaidii hata kidogo. Diski inayozunguka kati ya kompyuta za Windows, televisheni na vibanda vinavyojaza filamu zilizotafsiriwa na maVJ (wasimulizi wanaozitafsiri kwa sauti) kwa kawaida huwa na muundo wa exFAT au NTFS. ExFAT haihifadhi wamiliki wala ruhusa za Linux. Ruhusa zake huamuliwa wakati wa kuipachika (mount), yaani kuiunganisha na folda ya mfumo, na chmod haiwezi kuzifungua.

Dawa yake ni kuipachika diski mahali pa kudumu, nje ya folda ya mtu. Tengeneza folda /srv/masomo, pata UUID ya diski, yaani namba yake ya utambulisho, kwa sudo blkid, pata namba ya kikundi cha programu kwa id jellyfin, kisha ongeza mstari mmoja kwenye /etc/fstab, faili yenye orodha ya diski za kupachikwa mashine inapowaka, ukiweka UUID na namba zako mwenyewe:

UUID=A1B2-C3D4 /srv/masomo exfat defaults,nofail,uid=1000,gid=114,umask=0027 0 0

Kwa umask hiyo, yaani namba ya ruhusa zinazozuiwa, mmiliki anasoma na kuandika, kikundi cha jellyfin kinasoma tu, na wengine hawaingii. Usiliache neno nofail, kwa kuwa bila hilo mashine inaweza kugoma kuwaka siku diski itakapokuwa haijachomekwa.

Diski ya ext4, muundo wa Linux unaohifadhi wamiliki na ruhusa, ni rahisi zaidi: ikabidhi kwa kikundi cha programu kwa chgrp -R jellyfin, kisha kipe kikundi hicho ruhusa ya kusoma kwa chmod -R g+rX, zote mbili zikifuatwa na njia ya folda, ambapo X kubwa inafungua folda bila kuzifanya video kuwa programu. Ukipendelea kumwongeza jellyfin kwenye kikundi kilichopo, tumia usermod -aG. Ukiiacha herufi a, ataondolewa kwenye vikundi vyake vingine vya ziada, pengine pamoja na kile kinachompa ruhusa ya kutumia kifaa cha michoro. Baada ya hapo anzisha upya huduma kwa sudo systemctl restart jellyfin, maana programu inayoendelea kufanya kazi haivioni vikundi vipya.

Kuna ujumbe mmoja unaofanana na haya lakini ni jambo jingine: "Read-only file system". Huo huonekana mtu anapojaribu kunakili somo jipya, mara nyingi baada ya umeme kukatika ghafla, na hakuna chmod wala chown itakayouondoa. Ondoa diski kwa umount, kisha ikague kwa fsck (amri ya kukagua na kurekebisha diski) inayolingana na muundo wake. Kama ni NTFS, ipeleke kwenye kompyuta ya Windows, uikague huko, na kompyuta hiyo izimwe kabisa kabla ya kuichomoa diski.