Dada yangu alilia madhabahuni, klipu ikatua kwenye grupu la kwaya

SWALI: Habari dada. Nasali usharika mmoja hapa Mwanjelwa, Mbeya. Mwaka jana usiku tuliibiwa mixa na maikrofoni mbili, wazee wakaamua tuweke kamera, tukachangishana wote hata mimi nilitoa. Sasa moja wameielekeza madhabahuni pale tunapopiga magoti kuombewa. Mdogo wangu mimba ilitoka mwezi wa tano, akaenda mbele kuombewa akalia sana, wiki ileile klipu yake tukaiona kwenye grupu la WhatsApp la kwaya, chini imeandikwa Bwana anagusa watu wake. Tangu siku hiyo haendi ibadani. Nimemfuata mzee mmoja akanijibu nyumba ya Mungu haina siri. Kisheria imekaaje hii? Na nikifuatilia si nitaonekana nashindana na watumishi?

JIBU: Pole sana dada, na mdogo wako mfikishie pole zangu, barua yako nimeirudia mara mbili ndo nikaweza kuandika.

Tuanze na hiyo ya nyumba ya Mungu haina siri. Mungu anajua siri zote, sawa, lakini aliyerusha klipu ni mtu mwenye simu mkononi na huyo ana sheria juu yake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ambayo Rais Samia aliizindua Aprili 2024. Wengi wanadhani ni mambo ya mabenki na mitandao ya simu tu, hapana, ukirekodiwa ukatambulika hiyo ni taarifa yako binafsi, iwe benki iwe kanisani, na anayerekodi kwa lugha ya sheria anaitwa mkusanyaji. Kwahiyo usharika wenu ni mkusanyaji, unatakiwa ujisajili kwenye Tume na uwaambie waumini wazi kwamba tunarekodi, tunarekodi kwa sababu hii. Halafu imani ya dini ya mtu na afya yake zimewekwa kwenye kundi la taarifa nyeti, yani zinabanwa kuliko nyingine. Sasa muangalie mdogo wako kwenye ile klipu: yuko madhabahuni, analilia mimba iliyotoka. Imani ipo na afya ipo.

Nyie mlichanga kwa ajili ya mwizi wa mixa. Sheria inataka taarifa ifanye ile kazi iliyokusanyiwa, sasa kuichomoa kwenye mashine ukaipeleka kwenye grupu la kwaya ni kazi nyingine kabisa na mwenyewe hakuulizwa, na kutoa taarifa za mtu kinyume cha sheria ni kosa, lina faini na lina kifungo.

Mimi kuna siku nilikaa ofisi ya usharika mmoja Iringa nasubiri cheti cha ubatizo, baridi kali, wameniletea chai. Ukutani skrini imegawanywa vipande vinne, kimoja kinaonyesha mbele kanisani, kuna bibi amepiga magoti peke yake, kitenge amejifunika kichwani, mabega yanacheza. Humo ofisini tulikuwa watu watano na mtoto wa katibu anakula andazi anamuangalia. Yule bibi alijua yuko na Mungu wake tu. Chai ilinishinda nikatoka nje.

Cha kufanya, kwanza ongea na mdogo wako, maana mwenye taarifa ni yeye, akisema tusifuatilie mheshimu. Akikubali, piga picha lile grupu jina la aliyerusha na tarehe vionekane, na fanyeni haraka kwasababu hizi mashine za kamera diski ikijaa inafuta video ya zamani yenyewe. Halafu aandike barua kwa mchungaji na baraza la wazee, aulize nani alichukua hiyo video, nani wana paswedi, na adai ifutwe kwenye simu zote. Wakikaa kimya apeleke malalamiko kwenye Tume, na fidia sheria inaruhusu kudai. Kuhusu kamera yenyewe simwambii mtu aing'oe, mwizi yupo kweli. Ila mwizi wenu alikuja usiku! Basi ya madhabahuni izimwe wakati wa ibada na maombezi, au igeuzwe iangalie mlango na vyombo.

Na hushindani na mtumishi yeyote dada. Kwa wenzetu Wakatoliki padri akitoa siri ya kitubio anatengwa na kanisa lenyewe, na utaratibu huo una miaka mingi kabla ya hii sheria yetu, kwahiyo kumtunzia siri muumini ni kazi ya watumishi tangu zamani, wewe unawakumbusha tu.

SWALI: Asalaam aleikum. Sisi vijana wa msikiti mmoja Makambako, viatu vinaibiwa kila Ijumaa, tunataka kufunga kamera sehemu ya viatu na ya kutawadha. Inaruhusiwa?

JIBU: Waaleikum salaam. Ya viatu fungeni, wekeni na tangazo ukutani mtu alione kabla hajavua. Ya kutawadha hapana, na hapo sina mjadala, watu wanapandisha nguo, kina mama wanafunua nywele na mikono, wala viatu haviibiwi kwenye maji. Hata hiyo ya kwanza iangalie rafu, isifike mlango wa kina mama. Waiteni wenyewe waje waone skrini inaonyesha wapi, fundi akiwa bado yuko juu ya ngazi. Na kabla hamjamlipa afute ile programu ya kuangalia kamera kwenye simu yake mkiwa mnamuona, paswedi mbadilishe nyie, maana wengi wanaondoka na msikiti mzima mfukoni.