Barua kwa mwanangu: Na aliyemuua Baba Mdogo?

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa Jumatano niliusoma ndani ya matatu nikitoka Kamukunji, nikaurudia usiku mama yako alipolala. Unasema katika ushirika wenu kule Umoja dada mmoja alisema wako Wakristo wanaoamini kwamba mwishoni watu wote wataokolewa, na kiongozi akamkatiza, akasema huo ni uzushi. Ukaniuliza kama ni uzushi kweli. Halafu chini kabisa, peke yake, ukaandika: "Na aliyemuua Baba Mdogo, naye?"

La kwanza lina jibu fupi kidogo, acha nianze nalo. Imani hiyo ni ya kale. Origene, mwalimu wa Aleksandria kule Misri katika karne ya 3, aliifundisha, akishika maneno ya Petro kwenye Matendo 3:21 kuhusu kufanywa upya vitu vyote. Mwaka 553, miaka 300 hivi baada ya kufa kwake, mafundisho yaliyobeba jina lake yalilaaniwa Konstantinopoli, na tangu hapo makanisa mengi yamekaa mbali nayo. Agostino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, naye aliipinga, ingawa mwenyewe aliandika kwamba siku zake walikuwa wengi sana walioona vigumu kukubali adhabu isiyo na mwisho. Na sisi Waanglikana, nilipokuwa nasomea usomaji wa kanisa, padri mmoja mzee alitueleza jambo ambalo sijalisahau: katika zile Kanuni 42 za Uingereza za mwaka 1553, ya mwisho ilikuwa inawakataa wanaosema kwamba wote wataokolewa hatimaye. Zilipopitiwa tena mwaka 1563, kanuni hiyo iliondolewa. Kwa hiyo kanisa letu halikuifanya fundisho lake, lakini mtu anayeitumaini hana haja ya kutolewa nje ya ushirika. Mwambie dada huyo arudi.

Sasa la pili.

Ulikuwa na miaka minne, kwa hiyo unalolijua ni lile tulilokuambia: kwamba Baba Mdogo alichomwa kisu Jumamosi jioni kwa ajili ya mshahara wake wa wiki. Hatukukuambia kwamba mmoja wao alikamatwa. Watu walimshika karibu na kituo cha matatu. Mimi nilifika nikiwa bado na masizi ya kazini, nikakuta tairi limeshawashwa. Sikuliwasha mimi, lakini sikusema neno. Walinipisha nipite mbele nione, kwa kuwa nilikuwa mwenye msiba. Kijana alikuwa akimwita mama yake. Hakuwa amefika miaka 20.

Kwenye matanga kila mtu aliniambia haki imetendeka, na yule ametoka moto akaingia moto. Niliitikia. Nilitaka iwe hivyo.

Baada ya mazishi nilirudi kazini, nikawasha mkaa, nikaanza kuvuta mvukuto, na mikono ikakataa. Umekaa pale kibandani kwangu ukiwa mdogo, unajua ninachofanya na moto. Chuma chakavu kikija kina kutu, kimepinda, pengine kilikuwa springi ya lori lililopata ajali. Nakitia motoni hadi kiwe chekundu, nakilaza juu ya kile kipande cha reli, nakipiga, nakirudisha motoni, nakipiga tena. Kingekuwa na mdomo kingelia. Lakini kabla sijakishika nimeshajua nataka kitoke nini, patasi au jembe, na moto ule unakaa hadi kazi iishe. Moto wa jioni ile haukuwa na kazi. Hakuna aliyetaka kitu kitoke humo. Asubuhi ile ndipo nilipojiuliza kwa mara ya kwanza moto wa Mungu unafanana na upi kati ya hiyo miwili.

Miaka mingi baadaye yule padri mzee alinisomea habari za Gregori wa Nisa, askofu wa kale. Mwaka 379 hivi Gregori alikuwa anamlilia kaka yake, Basili, akaenda kwa dada yao Makrina ili wafarijiane, akamkuta naye yuko kitandani anakufa. Aliandika mazungumzo yao juu ya roho na ufufuo. Ndani yake Makrina anasema kwamba moto wa Mungu ni kama wa mtu anayeyeyusha dhahabu ili kuondoa takataka. Tena anataja kamba iliyogandiwa na udongo mgumu ikivutwa kwenye tundu jembamba: tope linakwanguka kwa nguvu, kamba inapita. Kadiri uovu ulivyogandamana na mtu, ndivyo maumivu yanavyozidi, lakini anayevuta anataka kamba ipite. Nililia, mwanangu. Mtu aliyefiwa na kaka ndiye aliyeyaandika hayo. Na Gregori hakuhukumiwa; mwaka 787 mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulimwita baba wa mababa.

Paulo naye, katika barua yake ya kwanza kwa Wakorintho, anasema kazi ya mtu ikiteketea atapata hasara, "ila yeye mwenyewe ataokolewa, lakini ni kama kwa moto." Na kwenye barua hiyohiyo anafika mwisho kabisa wa mambo yote, na analoliona pale ni hili: "ili kwamba Mungu awe yote katika wote."

Kiongozi wenu atakusomea Mathayo 25:46, adhabu ya milele, na ana haki ya kukusomea. Wanaotumaini kama mimi husema kwamba neno la Kigiriki pale, aionios, limetoka katika neno la zama, na si lazima limaanishe muda usiokoma. Agostino aliwajibu kwamba basi na uzima wa milele nao ungekoma, maana neno ni lilelile. Hoja yake ni nzito, siwezi kuipeperusha. Mimi naujua uzima ule hauna mwisho kwa sababu Kristo hafi tena, si kwa sababu ya neno moja.

Usidhani kwa hayo nimemsamehe kijana yule kwa bei rahisi. Naamini atasimama mbele ya Bwana na Baba Mdogo akiwa pale, na ataujua uzito wote: kisu, shilingi zile, usiku ambao nyanya yako alikaa mlangoni akingoja hatua zisizokuja. Hatarukishwa hata usiku mmoja. Siipunguzi jehanamu. Nakataa tu kwamba Mungu anaiwasha kama sisi tulivyowasha lile tairi. Na wale wa kiberiti je? Na mimi niliyepishwa nione nikanyamaza? Na sisi tuna safari yetu ya motoni. Ukiniuliza kwa nini basi tuhubiri na tutubu leo, jibu langu ni hilo hilo: nimebeba kunyamaza kwangu miaka yote hii, na sitaki kukibeba kitu hiki hata siku moja zaidi kabla sijakitua. Nani angetaka kungoja?

Mbinguni bila Baba Mdogo sijui ningefanya nini. Lakini yule kijana naye alikuwa na mama wa kumwita, na mama huyo, kama anasali, anaomba kitu kilekile ninachokiomba mimi. Mchungaji wa Luka 15 alimtafuta kondoo "hata amwone". Hakuhesabu 99 akasema wanatosha.

Jina lake sikuwahi kulijua. Kwenye sala namwita kijana wa Jumamosi. Mama yako hili halijui, nitamwambia kabla hujafika. Njoo Jumapili baada ya ibada, tukae sebuleni tuombe. Wewe mtaje Baba Mdogo, mimi nitamtaja yule.

Baba yako