Eti chatu anavunja mifupa kwanza?

SWALI: Mhariri habari za kazi. Kuna ubishi hapa, wenzangu wanasema chatu akikamata mnyama anamvunjavunja mifupa yote, anamlamba mate ateleze, ndo anameza. Mimi nakataa ila sina hoja. Na kama hana sumu anauaje? Mayai je, anataga anasepa?

JIBU: Ubishi huu umeshinda wewe. Sumu hana, ana meno yaliyopinda kuelekea kooni, kwahiyo mnyama akijivuta ndo yanazidi kuzama, na hapohapo ameshaviringishwa. Wengi tunasema anakabwa pumzi, lakini mwaka 2015 watafiti wa Marekani walimpa boa (nyoka mwingine, naye anaua kwa kubana vilevile) panya waliolazwa kwa dawa wakiwa na vipimo kwenye mishipa, wakaona ndani ya sekunde chache tu presha imeporomoka, yaani damu inagoma kuzunguka na moyo unazimika. Mifupa haina habari na hilo.

Kulamba hakuna, ule ulimi ni wa kunusia. Mate yanatoka wakati anameza, sasa chatu akishtuliwa akiwa ameshiba anaweza kumtapika mnyama mzima amelowa chapachapa, nadhani hapo ndo stori ilipoanzia. Kumeza anaanza na kichwa ili miguu ilale nyuma, na taya la chini halijaungana pale mbele, limeshikwa na kano zinazovutika, upande huu unasogea kidogo, kisha ule, taratibuu mpaka swala anapita.

Kwenye mayai ndo wenzako watashangaa zaidi. Graham Alexander wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, alifuatilia chatu wa kule wanaotaga kwenye mashimo ya muhanga, na mwaka 2018 akaeleza kwamba mama anabadilika rangi anakuwa mweusi, anatoka kuota jua mlangoni mpaka mwili unakaribia nyuzi 40, kisha anarudi kuyazungushia mayai ule moto wake. Wakishaanguliwa anakaa nao kama wiki mbili hivi, usiku wanalala ndani ya mikunjo yake, kitu ambacho kwa nyoka wanaotaga mayai ni nadra mno. Muda wote huo hali chochote, mzunguko mzima wa uzazi unapita miezi 6 na uzito unapungua karibu 40%, ndo maana hatagi kila mwaka, lazima kwanza arudishe mwili.