Kuhamia SSD bila kupiga Windows upya

Maswali ya safari hii yameelekea upande mmoja: watu wamenunua SSD, yaani diski ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka ndani, na wanataka kuhama na vyombo vyote, bila kuacha hata kijiko kwenye nyumba ya zamani.

Mimi ni mhasibu, niko Morogoro. Laptopu yangu ina diski ya kuzunguka (hard disk) ya GB 500. Nikiiwasha asubuhi naenda kuteleka chai, nikirudi bado inazunguka. Fundi wa hapa anasema akiweka SSD lazima apige Windows upya, nami nina programu ya hesabu ambayo CD yake ilishapotea. Nifanyeje?

Usikubali, dada. Kupiga Windows upya ni kazi nyepesi kwa fundi; anayekesha akisaka programu zake na namba za leseni ni mwenye mashine. Wewe unahitaji kudurufiwa diski, yaani kila kilichomo kwenye ya zamani kiandikwe vilevile kwenye mpya: Windows, programu ya hesabu, nywila za kivinjari, hata picha ya mtoto uliyoiweka kwenye skrini.

Tafuta SSD ya GB 500. Windows itakuonyesha 465, na hapo hujapunjwa: mtengenezaji anahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024. Tafuta pia waya wa kuunganisha diski kwenye USB, pamoja na programu ya kudurufu. Samsung, Crucial na Western Digital huwapa wanunuzi wa diski zao programu hiyo bure. Ukiikosa, Clonezilla ni ya bure kwa diski ya kampuni yoyote. Inawakia kwenye flashi, na sura yake ni ya kizamani, maandishi matupu, lakini kazi inaifanya.

Kabla ya kuanza, fungua dirisha la amri (Command Prompt) kama msimamizi, andika `chkdsk C: /f`, kubali, uwashe upya ili makosa ya diski yarekebishwe. Kisha andika `powercfg /h off`. Amri hii inafuta faili la usingizi, ambalo ni GB kadhaa zisizo na haja ya kuhama, na inailazimisha Windows izime kweli unapoizima. Ukifika mahali pa kuchagua cha kunakili, chagua diski nzima. Wengi huchagua C peke yake, halafu mashine inawaambia haioni diski ya kuwakia. Kwenye mashine za miaka hii, faili za kuwasha hukaa kwenye kisehemu kidogo pembeni, mara nyingi cha MB 100, ambacho hukioni ukifungua folda zako.

Ukiwa na GB 180 na diski kuukuu inayosoma MB 60 kwa sekunde, hiyo ni kama dakika 50. Tumia tundu la USB 3, mara nyingi ndilo lenye rangi ya bluu ndani. Umeme ukikatika katikati usilie. Diski ya zamani ilikuwa inasomwa tu, haikuandikwa kitu, unaanza upya.

Kosa linaloua ni moja, nami nimeshalifanya. Nilikuwa na diski mbili mezani, zote zinaonekana 465, moja imejaa kazi za mteja, nyingine ndiyo kwanza imetoka kwenye boksi. Nikachagua kinyume. Nikashangaa mbona kazi inakimbia hivi, kumbe diski tupu haina cha kunakili. Ilipofika mwisho, zote mbili zilikuwa tupu. Tangu siku ile nabandika utepe wa karatasi kwenye kila diski, naandika ZAMANI au MPYA kwa kalamu ya wino mzito, na chini yake tarakimu nne za mwisho za namba iliyochapwa kwenye lebo. Programu ikiniuliza ninakili kutoka wapi, nasoma kwenye utepe, sisomi kichwani.

Leseni ya Windows haitapotea?

Haipotei. Kwa Windows 10 na 11 leseni ya kidijitali imefungamana na mazabodi, yaani bodi kuu ya mashine, si diski. Kama bado uko kwenye 10, ujue Microsoft waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025. Hama kwanza, kisha pandisha kwenda 11 ukiwa tayari kwenye SSD. Ukifanya kinyume utachoka zaidi.

Diski yangu ni ya TB 1, nimenunua SSD ya GB 256. Muuzaji kanicheka.

Mwache acheke. Kinachoangaliwa ni ulichokijaza, si ukubwa wa diski. Kama umetumia GB 180, zinaingia, maana 256 huonekana kama 238 na utabaki na pumzi kidogo. Ukiwa na video za harusi tatu humo, zihamishie kwanza kwenye diski ya nje. Clonezilla kwa kawaida huikataa diski mpya iliyo ndogo kuliko ya zamani, kwa hiyo hapa tumia programu ya mtengenezaji, ambayo hubana yenyewe.

Kaka, niko Mombasa, nasoma chuo. Nilinunua SSD ndogo kama ubao wa chokoleti. Inaingia vizuri kwenye laptopu na skrubu inafunga, lakini mashine haiioni kabisa. Nimeuziwa mbovu?

Pengine ni nzima. Umbo hilo linaitwa M.2, na M.2 ni umbo tu. Ndani yake kuna lugha mbili. Kuna zinazoongea SATA, ambazo haziendi zaidi ya MB 550 hivi kwa sekunde, na kuna NVMe, ambazo zikipita njia ya PCIe 3.0 ndani ya mashine hufika MB 3,500. Tundu la laptopu yako huenda linaelewa moja tu. Tazama meno: yenye pengo moja kwa kawaida ni NVMe, yenye mapengo mawili mara nyingi ni SATA. Nasema mara nyingi, kwa sababu zipo zinazovunja kanuni hiyo. Mwamuzi ni kitabu cha mashine. Tafuta jina kamili la modeli, lile lililo chini ya laptopu, siyo lile kubwa la kwenye mfuniko. Kisha rudi dukani ukabadilishe kabla hujatupa boksi.

Na usiumie ukiambulia ya SATA. Anayetoka kwenye diski ya kuzunguka, kwa kazi za kuandika na kufungua kurasa, hataona tofauti kubwa kati ya hizo mbili.

Kijana wangu, mimi ni mwalimu mstaafu. Nilinakili folda ya Program Files kwenye diski mpya. Faili zote zipo, lakini nikibonyeza programu zinagoma. Nimekosea wapi?

Shikamoo, Mwalimu. Programu ikisakinishwa haikai mahali pamoja. Sehemu moja inaingia Program Files, nyingine kwenye folda za mfumo, na taarifa zake zinaandikwa kwenye rejista ya Windows, kama mwanafunzi anavyoandikwa kwenye daftari la mahudhurio. Wewe umehamisha wanafunzi, daftari limebaki shule ya zamani. Zinazofunguka zitakuwa chache. Durufu diski nzima kama nilivyomweleza mhasibu hapo juu.

Nimedurufu mpaka asilimia 100. Nikasema niijaribu kwanza ikiwa bado kwenye waya wa USB. Skrini ya bluu!

Windows iliyozoea kukaa ndani kwa kawaida haikubali kuwakia kwenye USB. Zima, toa diski ya zamani, funga mpya mahali pake, washa ikiwa peke yake. Usiwashe zote mbili zikiwa ndani mara ya kwanza: zina utambulisho mmoja, na Windows ikigundua hilo inaweza kuifungia moja nje.

Ukiulizwa namba ya tarakimu 48, hiyo ni BitLocker, kufuli la Windows la kufunga diski. Laptopu nyingi zenye Windows 11 hujifunga zenyewe ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, na namba inatunzwa kwenye akaunti hiyo hiyo. Ichukue kabla hujashika bisibisi, kisha uisimamishe BitLocker kabla ya kudurufu.

Diski yangu inalia tik, tik, tik. Nidurufu haraka?

Hapana, izime sasa hivi. Kudurufu ni kuisoma yote toka mwanzo hadi mwisho, na diski inayogonga inaweza kufia njiani. Kama kuna kitu humo usichoweza kukikosa, mpelekee mtu wa kuokoa data. Kama ni nyaraka chache tu, ziokoe hizo kwanza, Windows utapiga upya. Hapa fundi wa Morogoro angekuwa sahihi.

Diski ya zamani niifanyie nini?

Iweke kabatini wiki mbili na utepe wake, mpaka umefungua kila programu unayoitegemea kwenye SSD. Halafu itie kwenye kasha la USB iwe ya picha. Ukitaka kuiuza, ichomeke kwa USB, fungua `diskpart` kwenye dirisha la amri, andika `list disk` uione ni namba ngapi, `select disk` na namba hiyo, kisha `clean all`. Itaandika sufuri kila mahali, zaidi ya saa moja kwa GB 500. Ukikosea ukachagua diski yenye Windows unayoitumia muda huo, diskpart itakataa. Ukichagua diski ya nje ya mkeo yenye picha za harusi, haitakataa.