Kwa mnaoanza kazi ofisi ya Makamu Mkuu wa Chuo

Wiki yangu ya kwanza kwenye meza ile nilichapa kadi 200 za mahafali, na chini ya jina la bosi nikaandika "Mkuu wa Chuo". Profesa akachukua moja, akaisoma, akacheka: "Binti, umenipandisha cheo. Mwenyewe akija Jumamosi mimi nikae wapi?" Tulikesha tukichapa upya, na umeme wa Tanga enzi hizo ulikuwa wa kubembeleza.

Basi lijueni hilo kabla hamjaijua njia ya kantini. Mkuu wa Chuo hutunuku shahada, akapigiwa makofi, akaenda zake. Anayelala na chuo na kuamka nacho ni Makamu Mkuu: mishahara, maji ya bwenini, paa la maktaba. Naye hakati shauri peke yake. Matokeo ya mitihani hupita Seneti, bajeti hupita Baraza la Chuo. Mwanafunzi akija analia, msimwambie "Prof atarekebisha". Pokeeni barua yake, ipite masijala, kule barua zinakosajiliwa na kutunzwa, iwekwe kwenye jalada, ndipo iingie ndani. Barua anazopewa bosi koridoni hazifiki mezani. Mimi nimeziokota kwenye buti la gari.

Dokezo sabili, yale maelezo mafupi ya ndani ya ofisi, lisizidi ukurasa mmoja. Na acheni nafasi chini, bosi ana la kuandika.

Msidhani Makamu Wakuu wote wametoka darasani. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipojitegemea mwaka 1970, Makamu Mkuu wa kwanza alikuwa Pius Msekwa, aliyetokea Bunge na TANU. Matthew Luhanga, aliyekiongoza kuanzia 1991 hadi 2006, alikuwa mhandisi. Mmoja atataka muhtasari wa kikao kilichopita, mwingine atataka jedwali la hesabu, nanyi mtajifunza upya kila anapokuja mgeni. Sisi huku tunasema waja leo, waondoka leo. Kwa mabosi ni kweli tupu, masijala ndiyo wenyeji.

Kwa hiyo wekeni kaunta buku. Mimi niliandika kila ahadi aliyoitoa bosi kwa mdomo: nani, lini, kaahidiwa nini. Nyumba ya mhadhiri, ruhusa ya masomo, hata mpira wa timu ya wafanyakazi. Bosi wangu wa tatu alivamiwa na wadai asubuhi ya kwanza. Aliniomba lile buku kabla hajaniomba chai.