Mtoto anakwenda kambi ya tenisi likizo hii? Anza na ukuta

Mwezi wa tano ukifika katikati, wazazi wenzangu huanza kunitafuta. Wanajua binti yangu ameshapita kambi tatu za tenisi za likizo ya Juni hapa Mwanza, na mdogo wake kambi moja, kwa hiyo swali ni lile lile: kuna kambi imetangazwa, nimpeleke wangu? Mpeleke. Ila kabla hujalipa hata shilingi, toka nje uangalie kama nyumbani kwenu, au kwa jirani mnayeelewana naye, kuna ukuta mzima usio na dirisha, wenye sakafu ya saruji mbele yake, ambao mtoto anaweza kuupigia mpira peke yake.

Nasema ukuta kwa sababu viwanja vya tenisi mjini kwetu ni vichache, na si vya kuingia tu na raketi yako kama unavyoingia uwanja wa mpira wa mtaani. Ukikaa Buhongwa au Igoma, kuvifikia ni daladala na muda. Kambi yenyewe ni siku kumi. Zikiisha, mtoto anarudi nyumbani na hamu yote na hana pa kuipeleka, na Desemba inaikuta raketi juu ya kabati. Kwetu ilikuwa hivyo mwaka wa kwanza, na iliniuma, maana binti alikuwa ameupenda mchezo kweli kweli.

Kambi ile ya kwanza siitaji jina. Ilikuwa na watoto zaidi ya thelathini, uwanja mmoja na makocha wawili. Siku ya nne nilipata nafasi ya kukaa kwenye benchi nikahesabu: kwa saa nzima mwanangu alipiga mipira kumi na minne. Watoto walipanga mstari, mmoja anapiga miwili, anarudi mkiani. Hakuna aliyemdhulumu, makocha walijitahidi, lakini mipira kumi na minne haifundishi mkono wa mtoto kitu.

Tangu hapo nauliza maswali mawili kabla ya mengine yote. La kwanza: watoto wangapi kwa uwanja mmoja? Kwa nilivyoona, sita hadi wanane kwa kocha mmoja ni sawa. Wakizidi hapo, uliza la pili: wanaosubiri zamu wanafanya nini? Kambi ya mwaka uliofuata ilikuwa na watoto wengi pia, lakini hakuna aliyesimama bure. Wawili walikuwa ukutani, wawili wanaruka kamba, wengine wako kwenye sahani.

Hiyo ya sahani niieleze, maana ndiyo iliyonifungua macho. Sevu, yaani kile kipigo cha kuanzisha mchezo, huwasumbua watoto kwa sababu mpira wanaorusha juu hauendi mahali pamoja mara mbili. Kocha aliweka sahani ya plastiki chini, hatua moja ndogo mbele ya mguu wa mbele. Mtoto anarusha mpira juu bila kuupiga, anauacha uanguke, na lazima uangukie kwenye sahani. Binti yangu alirusha mara ishirini hivi bila kuipata hata mara moja. Kocha akamwonyesha: ushike mpira kwa ncha za vidole kama unavyoshika yai, mkono unyooke tangu begani, kiwiko na kifundo visikunje, uachie mpira mkono ukifika usawa wa macho. Mara ya tatu au ya nne baada ya hapo, sahani ikalia. Jioni ile alichukua sahani yangu ya jikoni akaenda nayo uani, na mpaka leo haijarudi kabatini. Hakuhitaji uwanja, wavu wala mtu wa pili. Kambi inayomrudisha mtoto na mazoezi matatu au manne ya namna hiyo imekufaa kuliko inayomrudisha na fulana na cheti.

Raketi nilikosea mwenyewe. Nilienda Mlango Mmoja, kwenye mitumba nikapata raketi nzuri ya inchi 27, nikainunua kwa akili ile ile tunayonunulia sare za shule: atakulia. Binti alikuwa na miaka kumi. Siku ya tatu ya kambi kifundo cha mkono kilivimba, na kocha akatuazima ya inchi 25. Inchi 27 ni ya mtu mzima. Kupima ni rahisi: mtoto asimame wima, ashike mpini mkono ukining'inia ubavuni. Kichwa cha raketi kikikaribia kugusa ardhi bila kumlazimu kukunja kiwiko, inamfaa. Mitumba haina ubaya wowote, ila kagua fremu kama ina ufa, na uone kama nyuzi hazijalegea.

Viatu vya kukimbilia navyo viacheni nyumbani. Soli yake imetengenezwa kwa mtu anayekwenda mbele, na tenisi ni kwenda ubavuni na kusimama ghafla. Raba ya soli bapa, iliyobana vizuri kisiginoni, inalinda mguu zaidi hata kama si ya bei.

Mipira pia ina rangi zake. Kuna mwekundu, wa chungwa na wa kijani, na si mapambo: mwekundu una mwendo wa polepole kwa karibu asilimia 75 ukilinganisha na wa njano wa kawaida, wa chungwa 50, wa kijani 25. Tangu 2012 Shirikisho la Tenisi la Kimataifa limezuia mpira wa njano wa kawaida kwenye mashindano ya watoto wa miaka kumi kurudi chini. Ukikuta kambi inawapa watoto wa miaka saba mipira ya njano kwenye uwanja mzima wa mita 23.77, ujue wengi watakuwa wanafukuza mipira tu wala hawatapigiana.

Sasa mambo ya ziwa. Asubuhi maji yametulia na bendera hazitikisiki. Kuanzia kama saa tano upepo wa ziwani huingia mjini, na alasiri mpira uliorushwa kwa sevu unahama kabla raketi haijaufikia. Kwa mtoto anayeanza, sevu ifundishwe asubuhi. Alasiri wacheze michezo, wauzoee upepo, kwa sababu mashindano hayatausubiri utulie. Juni pia jua la mchana liko upande wetu wa kaskazini, na viwanja vya tenisi kwa kawaida hulazwa kaskazini na kusini, kwa hiyo anayesevu akielekea kaskazini saa saba mchana anarusha mpira ndani ya jua. Kofia yenye ukingo si urembo. Ratiba nzuri niliyoiona ilianza saa mbili asubuhi, ikapumzisha watoto saa tano, ikawarudisha saa kumi jioni.

Binamu yao aliyekuja kutoka Dar alipiga mipira nje siku nzima ya kwanza, akakaribia kulia. Hakuharibikiwa. Ziwa letu lenyewe liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kuliko ya pwani, na mpira unaruka mbali kidogo. Kuna mpira maalumu wa miinuko kuanzia mita 1,219, sisi tuko chini ya hapo, basi tunatumia wa kawaida na kuulenga chini zaidi. Kama unaleta mtoto kutoka pwani, mpe siku mbili kabla hujasema lolote.

Hili lifuatalo nalisisitiza kuliko raketi na viatu vyote. Watoto wakimaliza mazoezi ya jioni wamelowa jasho, na maji yako pale chini wanayaona. Watataka kuoga ziwani. Kataa, na mwambie mwenye kambi akatae. Kichocho kiko kwenye fukwe zetu. Wadudu wake hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi nzima isiyo na kidonda, na kwa kawaida mtoto haonyeshi dalili siku ile wala wiki ile. Mdogo wake binti yangu alidumbukia mara moja na wenzake mwaka juzi. Wiki kadhaa baadaye nilimpeleka kituo cha afya, akapimwa mkojo na choo, akameza dawa, na amepona. Dawa ipo na inatibu, ila usisubiri mpaka uone damu kwenye mkojo au choo.

Chakula hakihitaji makuu. Uji mzito saa moja kabla ya mazoezi, ndizi katikati, mchana ugali na samaki kama siku zote. Mimi huwafungia matobolwa, yaani viazi vitamu vilivyochemshwa vikakaushwa, kwenye kikopo, hayaharibiki na joto na yana nguvu. Maji ya kutosha ya kuchemsha, na siku ya jua kali lita moja yenye vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi inatosha, hamna haja ya vinywaji vya chupa vya rangi.

Kambi ya kulala ni jambo jingine kabisa. Uliza nani analala na watoto, kama kuna mwanamke mtu mzima kwa ajili ya wasichana usiku kucha, na kama milango ya vyoo inafungwa kwa ndani. Mtoto asipandishwe gari peke yake na mtu mzima mmoja, hata awe kocha mnayemheshimu. Mwongoze binti kuhusu hedhi kabla hajaondoka, umfungie vya kumtosha, umwambie ni nani wa kumwambia. Kocha mwema hakasiriki kuulizwa haya. Aliyenikasirikia nilichukua mwanangu nikarudi naye nyumbani siku hiyo hiyo.

Nimesifu ukuta sana, na ukuta hauwezi yote. Haukudanganyi wala haukuchokozi, kila mpira unaurudisha. Kambi ndiyo inayompa mtoto mwenzake asiyemjua upande wa pili wa wavu, na hapo ndipo siku kumi zile zitumike. Ukiona ratiba nzima ni kupiga fohendi, yaani kipigo cha upande wa mkono unaoshika raketi, kwa kupanga mstari na hakuna mechi, uliza kwa nini.

Kwenye mechi za watoto mara nyingi hakuna mwamuzi. Kila mmoja anaamua mipira inayoangukia upande wake, na kanuni ni kwamba uliogusa mstari hata kidogo umeingia, na usiouona vizuri nao umeingia. Kijana wangu, yule mdogo, alikuwa nyuma 30 kwa 40, yaani akipoteza pointi moja tu gemu inakwenda, mwenzake akapiga mpira ukatua karibu sana na mstari wa nyuma. Akanyoosha kidole juu: "Nje!" Kocha aliyekuwa uwanja wa jirani akaja taratibu, hakufoka, akamwuliza, "Uliuona nje, au uliutaka nje?" Kijana akautazama ule mstari muda mrefu. Kisha akasema, "Umeingia," akatembea kwenda kubadilisha upande, gemu imekwenda. Kwenye daladala hakusema neno mpaka Mkolani. Ukuta usingemwuliza swali lile.

Ombeni pia wacheze wawili wawili. Uwanja mmoja unabeba wanne, na watoto wanajifunza kuitana. Binti yangu alianza kuupenda mchezo huo Julai 2022, Angella Okutoyi wa Kenya alipotwaa ubingwa wa Wimbledon wa wasichana kwa wawili wawili, akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Nairobi si mbali na sisi. Tulitazama picha zile kwenye simu mpaka chaji ikaisha.

Siku ya mwisho, wakati wengine wanapiga picha, mfuate kocha na karatasi na kalamu. Mwambie: shikamoo au habari, vyovyote mnavyosalimiana, kisha, "Mwanangu kesho hana uwanja. Niandikie afanye nini." Yetu ya mwaka jana ilikuwa na mistari minne: sahani, mara thelathini kwa siku. Ukutani, fohendi ishirini bila kukosa, akikosa anaanza upya. Bekhendi, kile cha upande wa pili, hivyo hivyo. Kamba dakika tano. Tumeibandika nyuma ya mlango.

Na kabla hujaondoka, omba mipira iliyochoka. Mpira wa tenisi ukishapoteza presha haudundi vizuri uwanjani na kambi nyingi huiweka pembeni, lakini kwa mtoto anayeanza na ukuta ndio unaofaa, kwa sababu unarudi polepole na haurukii kwa jirani. Sita inatosha. Beba mfuko wako.