Nikihama kanisa, nani atanizika? Majibu ya barua zenu

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza habari ya madhehebu: yupi ahame, yupi abaki, yupi abatizwe upya. Nitajibu chache. Mimi ni Mwanglikana na nimezeekea humo, basi yapimeni maneno yangu mkijua nimesimama wapi.

Shikamoo mama. Nimekulia KKKT, kanisa la Kilutheri, huko Machame, sasa nafanya kazi Dar es Salaam. Rafiki zangu wamenipeleka kwa Wapentekoste nikaona uhai ambao kwetu sijauona. Nikirudi usharikani naona watu kama wamelala. Nihame? (Kijana, Tabata)

Marahaba mwanangu. Tuanze na swali ambalo huenda hukuwahi kuulizwa: kwa nini wewe ni Mlutheri? Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Wakati huo mapadre Wakatoliki wa shirika la Roho Mtakatifu walikuwa wamekwisha kukaa Kilema, na Kibosho nayo ikawa yao. Mtoto wa Kichaga aliyezaliwa mito michache kutoka kwenu akabatizwa Mroma, yaani Mkatoliki, na mlima ni huo huo mmoja. Wanyakyusa wa Rungwe walifikiwa na Wamoraviani mwaka 1891, Wapare wakafikiwa na Wasabato mwaka 1903, watu wa Shirati wakafikiwa na Wamenonite mwaka 1934. Wengi wetu dhehebu letu liliamuliwa na mahali mmisionari alipotua mizigo yake. Kwa hiyo kuuliza si kuwasaliti wazee wako. Pengine wewe ndiwe wa kwanza nyumbani kwenu kuuliza.

Lakini ujue unachouliza. Mimi nilizaliwa Masasi, kwenye kanisa lililoletwa na wamisionari wa UMCA, shirika la Kianglikana lililopenda ibada za fahari: uvumba, kengele, padri mwenye mavazi ya dhahabu, kuungama dhambi kabla ya Krismasi na Pasaka. Nikapangiwa kazi ya ualimu Dodoma. Jumapili ya kwanza nikaulizia kanisa la Anglikana, nikaingia, nikadhani nimepotea njia. Hakuna uvumba. Kiongozi anaitwa mchungaji, si padri. Mahubiri marefu, Biblia mikononi mwa kila mtu, nyimbo nisizozijua. Dodoma ilihubiriwa na CMS, shirika lingine la Kianglikana, na dayosisi ile ilipoanzishwa mwaka 1927 wamisionari wake wengi walitoka Australia, watu wasiopenda kabisa mambo ya uvumba. Kanisa moja, askofu mkuu mmoja, na mimi nimekaa kwenye benchi nalia kama mgeni.

Ilinichukua karibu mwaka mzima kuelewa kwamba nilichokililia ni utoto wangu. Harufu ile ya ubani ilikuwa bibi yangu, ilikuwa Masasi. Nilichokuwa nafundishwa Dodoma juu ya Kristo kilikuwa kile kile.

Sasa jipime. Kama unachokosa ni ngoma, makofi na nafasi ya kuomba kwa sauti, sharika nyingi za KKKT mjini zina vikundi vya maombi na ibada zenye sifa, na pengine hujavitafuta. Kama lakini umeanza kuamini tofauti juu ya ubatizo, juu ya kunena kwa lugha, juu ya maana ya kuokoka, hilo ni jambo la imani, na linastahili muda. Usiende Jumapili tu, maana Jumapili kila kanisa limevaa nguo nzuri. Nenda kwenye kipindi chao cha Biblia katikati ya juma. Uliza wanavyowatunza wagonjwa wao. Na kabla ya kuondoka, kaa na mchungaji wako umweleze. Wengi huondoka kimya kimya, halafu kanisa linabaki miaka likijiuliza limekosa nini.

Mimi ni Mkatoliki, mchumba wangu ni Mlutheri. Kwao wanasema mwanamke hufuata kanisa la mume. Kwetu baba amesema nikitoka Kanisa Katoliki asihesabiwe kuwa mzazi wangu. Tufanyeje? (Dada, Moshi)

Pole mwanangu. Hili ndilo swali ninaloletewa kuliko yote, na linaumiza kwa sababu kila upande unadhani unalinda imani, kumbe mara nyingi unalinda heshima ya ukoo.

Hiyo kauli kwamba mwanamke hufuata kanisa la mume ni desturi yetu. Haimo katika sheria ya Kanisa Katoliki, wala sijaiona kwenye ungamo lolote la Kilutheri. Ukihama, uhame kwa kuwa umeamini. Dhamiri haitolewi pamoja na mahari.

Si lazima hata mmoja wenu ahame. Kanisa Katoliki lina utaratibu wa ndoa ya mseto, yaani ndoa ya Mkatoliki na Mkristo aliyebatizwa wa dhehebu lingine. Paroko wako ataomba ruhusa kwa askofu. Wewe Mkatoliki utaahidi mambo mawili: kwamba utajihadhari usiiache imani yako, na kwamba utafanya yote uwezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa Katoliki. Mwenzako hatii sahihi ahadi hiyo, bali anaarifiwa tu kwamba umeitoa. Nalisema hili kwa nguvu kwa sababu wazee wengi bado wanakumbuka sheria ya zamani, ambayo ilimtaka asiye Mkatoliki naye aahidi. Papa Paulo wa Sita aliibadilisha mwaka 1970. Mkwe wako akiambiwa kwamba mwanawe atalazimishwa kutia sahihi, mweleze hivyo, kwa upole.

Kama kuna sababu nzito, askofu anaweza kuruhusu ndoa ifungwe usharikani kwa mchumba wako na Kanisa Katoliki likaitambua. Ruhusa hiyo lazima itangulie harusi. Pia msipange kufunga ndoa asubuhi kwa Waroma na mchana kwa Walutheri ili kila ukoo uridhike. Sheria ya Kanisa Katoliki hairuhusu viapo kurudiwa. Mchungaji anaweza kualikwa kusoma Neno na kuwaombea. Anzeni mapema, miezi mingi kabla ya kuchapa kadi za mchango, kwa maana vyeti vya ubatizo na matangazo ya ndoa vyote vinataka muda.

Kinachowangoja baada ya harusi ni kigumu zaidi, na sitaki kuwaficha. Jumapili mtakwenda pamoja, na kwenye Misa mume wako kwa kawaida hataruhusiwa kupokea komunyo. Utatoka kwenye benchi wewe, yeye atabaki amekaa. Nawajua watu wawili waliooana hivi, wamezeeka pamoja, na bibi yule aliniambia kwamba dakika zile chache ndizo zilizomfundisha kuuombea umoja wa Kanisa kwa machozi. Ongeeni pia juu ya watoto sasa hivi, kabla hawajazaliwa: nani atawapeleka mafundisho, wapi watapata kipaimara.

Kwa baba yako, mpelekee habari hii: tarehe 31 Oktoba 1999, mjini Augsburg, Ujerumani, Kanisa Katoliki na Walutheri walitia sahihi tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki kwa imani, lile jambo lililowatenganisha tangu siku za Martin Luther. Si kwamba tofauti zote zimekwisha. Ila kama Roma imeweza kukaa meza moja na Walutheri, baba naye anaweza kukaa na mkwewe.

Nilibatizwa nikiwa mtoto mchanga. Kanisa ninalosali sasa linasema ule haukuwa ubatizo, nikazamishwe kwenye maji mengi. Je, nitakuwa namkosea Mungu? (Msomaji, Mwanza)

Wakristo wamelilipia swali hili kwa damu. Mwaka 1525 huko Zürich, Uswisi, kikundi kidogo kilianza kuwabatiza upya watu wazima, na miaka miwili baadaye mmoja wao, Felix Manz, akazamishwa mtoni Limmat mpaka akafa, adhabu iliyochaguliwa kwa makusudi kumdhihaki. Wamenonite wa Mara ni wajukuu wa imani ile. Kwa hiyo usiwacheke wanaosema ubatizo ni wa aliyeamini kwanza.

Upande wa pili, Waroma, Waanglikana, Walutheri na Wamoraviani wanasema ubatizo ni Mungu anakushika kabla hujaweza kumshika, na wanasoma Matendo 16, mlinzi wa gereza aliyebatizwa na jamaa yake yote. Kwao ubatizo wa maji kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu haurudiwi. Ndiyo maana Mlutheri akiingia Kanisa Katoliki habatizwi tena.

Mimi naamini ulibatizwa. Ukikubaliana nami, mwambie mchungaji wako waziwazi na uone atakavyokujibu, maana jibu lake litakuonyesha mengi juu ya kanisa lile. Usipokubaliana nami, ingia majini kwa moyo mmoja. Usiingie tu kwa sababu bila hivyo hutaruhusiwa kuimba kwaya.

Mke wangu ameanza kusali na Wasabato. Nimkataze? (Mume, Same)

Hapana. Soma naye amri ya nne, mweleze nawe kwa nini Wakristo wengi huabudu siku aliyofufuka Bwana. Hamtakubaliana upesi. Ila kazi za Ijumaa jioni zitahitaji mikono miwili zaidi ili Jumamosi apumzike, na mikono hiyo unayo.

Kwa nini Biblia ya rafiki yangu Mroma ina vitabu vingi kuliko yangu? Ipi imeongezwa? (Mwanafunzi, Iringa)

Yake ina vitabu 73, yako 66. Vinavyozidi ni saba, vyote vya Agano la Kale: Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku, na viwili vya Wamakabayo. Vilikuwamo katika Agano la Kale la Kigiriki lililosomwa na Wakristo wa kwanza, lakini havimo katika Biblia ya Kiebrania, na Waprotestanti walifuata ile ya Kiebrania. Sisi Waanglikana huvisoma kwa mafundisho ya maisha bila kujengea imani juu yake. Kasome Yoshua bin Sira juu ya urafiki, sura ya 6. Haitakudhuru.

Dada yangu ameacha kanisa letu anamfuata nabii. Anauza vitu kupeleka sadaka, na ameambiwa aache dawa za presha. Tukimsema anasema tunapigana na mtumishi wa Mungu. (Kaka, Morogoro)

Kaka, shughulikia dawa leo. Mengine yatafuata. Tafuta mtu anayemheshimu, hata kama ni muuguzi wa mtaani, aende akampime presha na kumwonyesha namba. Usianze na nabii, kwa maana ukimgusa nabii atafunga masikio.

Hatuwezi kujifanya hatujui mambo haya huishia wapi. Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa wakikanyagana kuyakimbilia mafuta ya upako. Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kilifi, Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioambiwa wafunge mpaka kufa ili wakamwone Yesu. Kulikuwa na watoto. Kila mmoja wao alikuwa na ndugu aliyekuwa nyumbani akisema, ngoja kwanza, atarudi mwenyewe.

Sisemi kila kanisa dogo ni hatari, wala kwamba makubwa ni salama. Nimeona ubaya ukifichwa nyuma ya kanzu nzuri. Mtu akiniuliza juu ya kanisa lolote, liwe la miaka mia au la turubai, nami humwuliza. Nani anaweza kumwondoa kiongozi wenu akikosea? Nani husoma hesabu za sadaka mbele ya washarika? Mtu akiondoka, anaombewa au analaaniwa? Mgonjwa asipopona, lawama huwekwa kwa nani? Mwulize dada yako maswali haya kwa sauti ya chini, moja kwa siku, wala usimjibie. Na mlango wako usifungwe, hata akikutukana. Siku atakayotoka kule atatoka amevuliwa kila kitu, na atatafuta nyumba ambayo haitamwambia "tulikuambia".

Shikamoo dada mkubwa, ingawa huenda tuko sawa. Nina miaka 66, Mmoraviani wa Tabora tangu utoto. Binti yangu ananichukua nikaishi naye Dar es Salaam, anakosali kanisa lingine, na anataka nijiunge huko. Nami nafikiria kitu kimoja tu: nikifa, nani atanizika? (Bibi, Tabora)

Marahaba mdogo wangu, maana nimekupita kidogo. Vijana watadhani swali lako ni la woga. Mimi naona ndilo swali la kanisa lenyewe: nani ananijua kwa jina, nani atakuja nikishindwa kuamka.

Niliwahi kuona jeneza likizuiwa mlangoni kwa kuwa marehemu alikuwa hajalipa ahadi zake kwenye kadi, na hakuna mzee aliyejua kwamba alikuwa kitandani miezi minane. Jamaa waliimba wenyewe, chini ya mwembe. Mpaka leo nikilikumbuka nashikwa na hasira, wala siombi iondoke.

Huna haja ya kuhama. Dar es Salaam kuna sharika za Moravian. Kabla hujafunga mizigo, chukua barua ya utambulisho kwa mchungaji wako, na ukifika uipeleke wiki ile ile, usingoje upone safari. Jiunge na akina mama. Wakikosa kukuona Jumapili mbili, watakuja. Kwa binti yako unaweza kwenda siku moja moja, mkaimba pamoja. Atafurahi.

Mweleze pia jambo ambalo pengine hakulizingatia utotoni: Wamoraviani tangu Herrnhut, kijiji chao cha Ujerumani, mwaka 1732, huenda makaburini alfajiri ya Pasaka, jua likichomoza, kuwatangazia waliolala kwamba Bwana amefufuka. Mwambie unataka kulala mahali ambapo watu watakuja alfajiri ile. Kisha andika kwenye karatasi nyimbo mbili unazotaka zikusindikize, na uitie kwenye bahasha moja na cheti chako cha ubatizo. Binti ajue bahasha iko wapi.